Kijana wa Frankfurt na Ndege Yenye Milia

Mwaka 2019 nilikuwa nimebanwa kwenye benchi la mbao ndani ya kibanda kimoja cha video pale Nyasho, Musoma. Joto lilikuwa si la kawaida, na feni ilikuwa inazunguka kwa kujisikia. Kwenye skrini ilikuwa The Lion King mpya, ile iliyotoka mwaka huo huo, na juu yake sauti ya mtafsiri akichomekea vichekesho vyake. Jua la kwanza lilipochomoza juu ya nyika, dogo mmoja aliyekaa chini mbele yangu akapiga kelele: "Oya, hapo si kwetu hapo? Hapo ni Ndabaka!"

Kibanda kizima kikacheka. Mimi, kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne na najihesabu kuwa mwandishi, nikajifanya mjuaji. Nikamwambia, dogo, hayo yote ni kompyuta, hakuna simba hapo, hakuna nyasi, hakuna chochote. Akaniangalia kama mtu aliyemnyang'anya karanga zake.

Baadaye nikaja kusoma habari za sinema ile, nikaona aibu peke yangu. Ni kweli karibu kila kitu mle kilitengenezwa na mafundi wa viinimacho vya sinema, wengi wao wakiwa London na Bangalore, India. Lakini mwongozaji wake, Jon Favreau, alieleza kwamba aliacha picha moja tu iliyopigwa kwa kamera ya kweli huku Afrika. Picha ipi? Ile ile ya kwanza, ya jua kuchomoza! Yaani mahali pekee ambapo dogo angeweza kuwa na haki ya kusema "kwetu", ndipo nilipomkatalia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwawaza wale mafundi. Mtu yuko London, nje mvua na baridi, anakaa mbele ya mashine tangu asubuhi mpaka usiku kuchonga unyoya mmoja mmoja wa simba. Wenzake walitumwa Kenya kupiga picha za majani, mawe na mwanga, wakarudi nazo kama mtu aliyetoka sokoni na kapu. Na Masai Mara ya Kenya ni mlango wa pili wa Serengeti yetu. Nyumbu wanaopita kule ndio wanaopita huku. Fundi yule anaijua nyasi ya kwetu kuliko mimi ninayepita pembeni yake na basi la Bunda. Sijui hata kama amewahi kuikanyaga.

Lakini zamani fundi wa picha hakuwa na njia ya mkato. Ilimbidi aje, aishi hapa, alale hapa. Na mmoja wao alikuja mkoani kwetu akiwa kijana mdogo kuliko mimi leo. Habari zake ndizo ninazotaka kusimulia, kwa sababu picha aliyoipiga bado tunaishi ndani yake.

Kijana huyo ni Michael Grzimek, aliyezaliwa Ujerumani Aprili 1934. Baba yake, Bernhard, alikuwa daktari wa mifugo na mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, mtu wa maneno mengi na vitabu vingi. Baba aliandika, mtoto akashika kamera. Michael alianza kupiga picha za wanyama mapema mno, na kabla hajatimiza miaka 23 yeye na baba yake walikuwa wameshatoa sinema ndefu kuhusu wanyama wa Afrika, wakaipatia tuzo katika tamasha la Berlin mwaka 1956. Sinema ikaleta fedha. Wakapeleka pendekezo kwa serikali ya kikoloni ya Tanganyika: tupeni eneo la kununua tuliongeze kwenye hifadhi. Mkurugenzi wa hifadhi za Tanganyika wakati huo, Peter Molloy, akawapa wazo jingine. Fedha hizo zitumieni kuhesabu wanyama wa Serengeti na kufuata njia zao, maana wakubwa wanataka kubadilisha mipaka ya hifadhi na hakuna ajuaye nyumbu wanakwenda wapi.

Basi baba na mwana wakajifunza urubani. Hebu tafakari hapo: mzee wa karibu miaka 50 na kijana wa 23 wanajifunza kurusha ndege ili wakahesabu nyumbu. Wakanunua ndege ndogo ya aina ya Dornier Do 27, inayoweza kuruka na kutua mahali pafupi, wakaipaka milia meusi na meupe kama punda milia kuanzia pua hadi mkia. Namba yake ya usajili ilikuwa D-ENTE, na neno "Ente" kwa Kijerumani maana yake ni bata. Kwa hiyo ndege ile ilikuwa bata kwa jina na punda milia kwa ngozi. Desemba 1957 wakaondoka Frankfurt wakiirusha wenyewe mpaka Tanganyika.

Makazi yao yalikuwa Banagi, kaskazini kidogo ya Seronera, kituo cha siku nyingi cha askari wa wanyamapori. Kwa ramani ya leo ni ndani ya Wilaya ya Serengeti, Mkoa wa Mara. Nani alituambia shuleni kwamba sinema kubwa namna ile ilitengenezwa mkoani kwetu? Mimi sikuambiwa.

Maisha yao ya kila siku hayakuwa ya raha kama tunavyodhani Mzungu akija porini. Kazi ya kuruka iliwataka waamke mapema, maana jua likipanda hewa juu ya nyika hutibuka na ndege ndogo huchezeshwa kama kishada. Petroli ilikuwa ya kubebwa. Kuhesabu kulikuwa hivi: waligawa nchi vipande vipande, wakaruka chini chini kwa mistari iliyonyooka, kwenda na kurudi kama mtu anayelima kwa jembe la ng'ombe, na macho yakihesabu kila upande. Makumi, makumi, makumi. Jaribu wewe kuhesabu mbuzi wa jirani yako wakiwa wanakimbia, halafu uniambie.

Kulipopatikana nafasi, kamera. Nawaomba vijana wenzangu wanaopiga video kwa simu wasikilize vizuri hapa. Kamera za wakati ule zilikula mkanda. Mkanda wa milimita 16 wenye urefu wa mita 30 huisha kabla ya dakika 3, ndipo ufungue, utoe, uweke mwingine, na vumbi lisiingie. Hakuna kurudisha nyuma na kuangalia. Simba akifanya la ajabu wakati unabadilisha mkanda, basi, umeshamkosa. Kwa Michael, kupiga picha ndiyo ilikuwa mapenzi yake na kuhesabu ndiyo kazi iliyomleta, na vyote viwili alivifanya kwa siku ile ile, kwa ndege ile ile. Walikamata hata punda milia na nyumbu wakawavisha mikanda ya rangi shingoni ili wakiwaona tena kutoka angani wajue wametembea kutoka wapi hadi wapi.

Hesabu yao ilitoka hivi: nyumbu 99,481, punda milia 57,199, na wanyama wakubwa wote wa uwanda ule kwa jumla 366,980. Napenda jinsi namba hizo zinavyojiamini. Siyo "kama laki moja hivi". Ni 99,481.

Sasa nimtaje babu yangu.

Babu mzaa mama alizaliwa upande wa Ikoma, na mwaka 1958 alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. Aliniambia, nikiwa darasa la sita nimeenda kwake likizo, kwamba siku moja aliona punda milia anapita angani ananguruma. Nikacheka. Hakucheka. Alisema alipita chini mno hata mbuzi wakatawanyika kila upande, naye akalala chini akafunika kichwa. Mimi wakati ule nikaona ni hadithi za wazee, kama zile za sungura na fisi. Miaka mingi baadaye, nikiwa Bunda kwa rafiki mwenye vitabu vya zamani, nikafungua kimoja na kukuta picha ya ndege yenye milia. Nilikaa kimya muda mrefu. Babu hakuwa anatunga.

Wazee wa Ikoma, Natta, Ishenyi na Ikizu walikuwa wakulima na wafugaji, lakini pia wawindaji, tena uwindaji ulikuwa ndani ya asili yao kabisa. Wanatta husimulia kwamba mwanzoni mwanamume mwindaji alitoka nyikani akakutana na mwanamke mkulima, na kutoka kwao likatoka kabila. Nyumbu walipopita kwa msimu, watu walipata nyama ya kukausha. Wakati wa njaa pori ndilo lilikuwa ghala. Vilima, chemchemi na mito mle ndani vina majina ya kwetu, na baadhi ni mahali pa mizimu ambapo wazee walikwenda kutambika.

Katika sinema ya akina Grzimek watu hawa wanaonekana, lakini angalia wanavyoonekana. Ni majangili. Ni mkono unaotega waya, ni upinde wenye mshale wa sumu, ni adui wa mnyama. Hawana nyumba, hawana mke anayesubiri nyama, hawana jina. Mnyama amepewa nafasi ya kupendwa, mwindaji amepewa nafasi ya kuchukiwa. Na baba Grzimek aliandika waziwazi kwamba hifadhi ya taifa lazima ibaki nyika tupu, asiishi mtu ndani yake, hata mwenyeji.

Sisemi kwamba waya wa ujangili ni kitu chema. Nimewahi kuona picha ya nyumbu aliyenaswa shingoni, sitaki kuiona tena. Tena kulikuwa na waliotega kwa ajili ya biashara, wakiua kuliko walivyoweza kula. Lakini kwa sisi tunaojifunza kuandika, hapa pana somo la ufundi ambalo halifundishwi darasani: kiinimacho kikubwa kuliko vyote hakihitaji kompyuta. Unageuza tu kamera kidogo upande wa kushoto, kijiji kinatoweka.

Na mwaka 1959 vijiji vilitoweka kweli, kwa sheria. Serengeti ilikuwa hifadhi ya taifa tangu 1951, na Wamasai walikuwa wakichunga ndani yake. Mwaka 1958 baadhi ya wazee wao waliwekwa watie saini kukubali kuondoka. Mwaka uliofuata hifadhi ikagawanywa: Ngorongoro ikawa eneo la wafugaji pamoja na wanyama, Serengeti ikawa ya wanyama peke yao. Upande wetu wa magharibi, mapori waliyowinda akina babu yakabaki ndani ya mstari, nao wakabaki nje. Akina Grzimek wenyewe hawakufurahia mipaka hiyo, maana mikanda ya rangi na safari zao za angani ziliwaonyesha kwamba nyumbu wanapita nje ya mistari ya wakubwa. Walitaka mipaka ifuate nyumbu. Kwamba ingeweza pia kufuata watu, hilo halikuwa swali lao.

Michael hakuuona mwisho wa mambo hayo. Tarehe 10 Januari 1959 alikuwa akiruka peke yake, ndege ikagongana na tumbusi, yule ndege mkubwa wa mizoga ambaye wengi tunamwita tai. Bawa likaharibika, ndege yenye milia ikaanguka. Alikuwa na miaka 24 na alikuwa ameacha mke. Walimzika kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na kaburi lake liko pale mpaka leo, la mawe, pembeni ya barabara ya watalii.

Nikisoma hapo huwa nasimama. Mimi nina miaka 26, nimeandika riwaya mpaka sura ya nne nikakwama, nasingizia umeme. Yule kijana katika umri ule alikuwa amehesabu nchi nzima, amepiga sinema mbili, na amekufa. Nina kinyongo naye kwa ajili ya babu, lakini kumdharau siwezi.

Baba yake alimalizia kazi. Miongoni mwa waliomsaidia kwa kamera alikuwa kijana mwingine, Alan Root, aliyekulia Kenya na baadaye akawa bingwa wa sinema za wanyama. Filamu ikatoka mwaka huo huo wa 1959 kwa jina Serengeti darf nicht sterben, yaani Serengeti haipaswi kufa, pamoja na kitabu kilichotafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka 1960 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya matukio halisi. Wajerumani kwa maelfu wakaanza kutaka kuja kuona, na Bernhard Grzimek alikuwa na kipindi chake cha televisheni cha kuwachochea. Alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa Ngorongoro akalazwa pamoja na mwanawe.

Kutoka Banagi mpaka Butiama si mbali kwa ndege. Mwalimu Nyerere, mtoto wa Wazanaki, alikua katika nchi ile ile, na Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, tamko lake la kuahidi kulinda wanyamapori lilisomwa katika mkutano wa Arusha. Linajulikana kama Tamko la Arusha la wanyamapori, tusilichanganye na Azimio la Arusha la 1967. Lakini inasimuliwa pia kwamba Mwalimu alisema yeye binafsi havutiwi sana na wanyama, wala hawezi kufikiria kwenda likizo kutazama mamba. Anachojua ni kwamba Wazungu na Wamarekani watalipa kuwaona. Nampenda Mwalimu kwa hilo. Alijua kabisa picha ile ilipigwa kwa macho ya nani, na akaamua kuitoza kiingilio. Kama kiingilio hicho kiliwafikia Waikoma ni habari nyingine, na ndugu zangu wa Robanda wanaweza kukusimulia mpaka usiku.

Kuna jambo moja bado, na kwangu ndilo tamu kuliko yote. Mwaka 1961, miaka mitatu tu baada ya ile 99,481, wataalamu wengine walihesabu tena, wakapata nyumbu zaidi ya 250,000. Ni wazi kwamba macho ya baba na mwana yalipitwa na wengi. Lakini baada ya hapo nyumbu waliendelea kuongezeka, na kufikia mwaka 1977 walikuwa zaidi ya milioni 1.3. Nini kiliwazidisha? Uzio? Bunduki za askari? Wanasayansi walipochunguza waligundua kwamba nyumbu walikuwa wakiuawa na sotoka, ugonjwa wa ng'ombe ulioingia Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890 na kufagia mifugo na wanyama pori pamoja. Ndama wa nyumbu walikufa nao kila mwaka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 ng'ombe wa vijijini kuzunguka hifadhi walichanjwa kwa wingi, na sotoka ikatoweka kwa nyumbu pia, bila nyumbu hata mmoja kuchomwa sindano. Ina maana msafara huu ambao dunia nzima inakuja kuutazama ulikuzwa na wafugaji waliopanga foleni na ng'ombe wao kwenye majosho na mazizi. Wale wale waliokuwa nje ya picha. Sinema ya hao hakuna aliyepiga.

Mwaka jana nilisafiri na basi kutoka Bunda kwenda Lamadi. Pale karibu na lango la Ndabaka dereva akapunguza mwendo, maana kulikuwa na punda milia kando ya lami, wengi, wanakula majani bila habari na mtu. Abiria wakatoa simu. Mama mmoja mwenye kuku kwenye tenga akasema, "Hawa nao, utadhani wamepakwa rangi." Nikatoa daftari nikaandika maneno yake, na riwaya yangu ikaanza tena kutoka hapo, sura ya kwanza upya. Inaanza na mtoto wa mbuzi na ndege.

Babu sasa ni marehemu. Mara ya mwisho nilipomtembelea nilikuwa nimeshapata ile picha ya kwenye kitabu, nikampelekea nakala yake. Aliishika karibu na macho, akaigeuza, akaangalia nyuma kama kuna kitu, akaigeuza tena. Nikamweleza: babu, huyu alikuwa kijana wa Frankfurt, alikuwa anahesabu wanyama, alikufa kwa kugongana na tumbusi, sinema yake ilipata tuzo kubwa Marekani. Akasema maskini, kijana mdogo. Kisha nikamuuliza, kama angekutana naye leo angemwambia nini.

"Siku ile nilipotea mbuzi mmoja," akasema. "Jike, ana mimba. Baba alinichapa. Ningemdai mbuzi wangu, mjukuu wangu. Labda yeye alimwona alikokimbilia, si alikuwa juu?"